BOILA JIPYA LAJA: WAFANYA KAZI WASEME NINI?



Mwezi uliopita walifika ofisini kwetu ndugu watatu kutoka kiwanda kimoja chenye wanachama wetu wengi. Ni watu wa chumba cha boila. Kazi yao ni kuni: kuzipokea, kuzipasua, kuzibeba, kuzitia motoni, kisha kuchota jivu na kuanza tena. Mmoja wao aliianza kazi hiyo akiwa kijana, na leo ana wajukuu. Walitupa habari kwamba Bwana Meneja aliwaita akawaambia kuwa maboila mawili ya zamani yatang'olewa, na mahali pake litawekwa boila moja kutoka ng'ambo, boila lisilotaka magogo wala beleshi. Walipomwuliza watu watakwenda wapi, alisema jambo hilo litatazamwa baadaye. Walipomwuliza ni nani watakaoliendesha boila hilo, alisema watapatikana.

Ndugu hao walituuliza swali moja tu: "Je, Chama kitatusaidia kulikataa boila hili?"

Tumelifikiri swali lao kwa muda mrefu, maana si lao peke yao. Kuni zimekuwa ghali na za shida. Wengi mnakumbuka katazo la kukata miti katika misitu ya Serikali lililotangazwa Februari 2018. Tangu wakati huo matajiri wengi wa viwanda vya chai, vya maziwa, vya nguo na vya sabuni wamekuwa wakitafuta moto mwingine. Kwa hiyo jambo lililofika katika kiwanda kimoja leo laweza kufika katika kiwanda chako kesho. Ni vizuri tulijue kabla halijafika mlangoni.

Jibu letu kwa ndugu wale watatu ni hili: tusilikatae boila, lakini tusikubali liingie kimya kimya. Hapa chini twaeleza sababu zetu.

BOILA HILI NI KITU GANI?

Mafundi wanaliita kwa Kizungu fluidaizidi bedi. Sisi tutaliita boila la mchanga, kwa kuwa mchanga ndio siri yake.

Katika boila mlilolizoea, kuni au makaa ya mawe hulala juu ya vyuma vya jiko, hewa hupita katikati, na moto huwaka. Palipo na mrundo mnene hewa haipiti, na palipo na nafasi hewa hupita ovyo bila kufanya kazi. Ndiyo sababu mtu wa moto hushinda akichokoa na kusawazisha.

Katika boila la mchanga, chini ya jiko pana sahani ya chuma yenye vijibomba vingi vidogo. Juu yake hulala mchanga, kina cha mtu kufika magotini au zaidi kwa kadiri ya boila. Feni kubwa husukuma hewa kutoka chini. Hewa ikiwa kidogo, hupenya tu kati ya chembe na mchanga haushtuki. Ikiongezwa, hufika mahali inapoweza kuubeba uzito wa mchanga. Hapo mchanga wote huinuka kidogo, hulegea, na kuanza kutokota kama uji sufuriani. Ukitia kitu kizito huzama, ukitia chepesi huelea. Mchanga bado ni mchanga mkavu, lakini tabia yake ni ya maji.

Mchanga huo hupashwa kwanza kwa moto wa mafuta au wa mkaa. Ukishapata joto la kutosha, kuni zilizokatwa vipande vidogo, au makaa yaliyopondwa, au makapi, humiminwa ndani kidogo kidogo na mashini. Kila chembe inayoingia huzungukwa mara moja na mchanga wa moto na kuungua. Katika uji huo wote, kitu kinachoungua ni sehemu ndogo sana, yapata chini ya 5 kwa mia ya uzito; kilichobaki ni mchanga na jivu. Joto huwekwa kati ya nyuzi 800 na 900 za sentigredi. Mabomba ya maji yaliyo pembeni, na mara nyingine ndani ya mchanga wenyewe, huchukua joto hilo, na maji huwa mvuke.

Yako ya namna mbili. La kwanza ni lile linalotokota mahali pake, na hewa yake huenda mwendo wa mita moja hadi tatu kwa sekunde. Hili ndilo linalofaa viwanda vidogo na vya kadiri. La pili hupulizwa kwa nguvu zaidi, mita tano hivi kwa sekunde, hata mchanga unapaa pamoja na moshi. Kisha moshi huzungushwa ndani ya pipa kubwa, mchanga ukaanguka na kurudishwa jikoni. Hilo ndilo la mitambo mikubwa ya stima.

LIMETOKA WAPI?

Si kitu cha jana. Mjerumani Fritz Winkler alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1922, naye alitaka kugeuza makaa madogo madogo kuwa gesi. Mtambo wake ulianza kazi Leuna, Ujerumani, mwaka 1926. Miaka ya 1960 Mwingereza Douglas Elliott, aliyekuwa katika shirika la stima la Uingereza, alishika wazo la kuuweka mchanga huo ndani ya boila ili makaa hafifu, yenye mawe na jivu jingi, yapate kuchomwa kwa faida. Finland, nchi ya misitu, ilitaka kuchoma magome ya miti na udongo wa mboji, na mwaka 1979 boila la namna ya pili lilianza kazi Pihlava, la megawati 15 za joto. Mwaka 2001 nchi hiyo hiyo iliwasha jingine Pietarsaari, lenye kutoa megawati 240 za stima, likila magome, vipande vya mbao, mboji na makaa. Łagisza, nchini Poland, mwaka 2009 waliwasha la megawati 460.

Basi asije mtu akawaambia kwamba jambo hili ni geni mno hata mfanya kazi hawezi kulielewa. Wafanya kazi wa Finland na wa Poland wanalielewa, na wetu pia watalielewa wakifundishwa.

FAIDA ZAKE NI ZA KWELI

Chama hakitawadanganya wanachama wake. Boila hili lina faida, na ni haki kuzitaja.

Kwanza, halichagui chakula. Kwa kuwa mchanga una joto jingi ndani yake, laweza kuchoma vitu ambavyo jiko la kawaida huvitapika: unga wa mbao, maganda ya mpunga ya Mwea, maganda ya karanga, vifuu, makaa hafifu, hata vitu vyenye maji maji. Takataka iliyokuwa ikirundikwa nje ya kinu yaweza kuwa mvuke.

Pili, lachoma vizuri. Boila la mchanga lililotunzwa sawasawa laweza kutia ndani ya mvuke zaidi ya 80 kwa mia ya joto la makaa yake. Boila la kuni za mkono, lenye milango inayofunguliwa kila mara, hupoteza sehemu kubwa ya joto dohani.

Tatu, moshi wake una sumu pungufu. Makaa ya mawe yana kiberiti, nacho kikiungua huwa hewa kali inayochoma mapafu na mimea. Ukitia mawe ya chokaa yaliyosagwa ndani ya mchanga, chokaa hukamata sehemu kubwa ya kiberiti hicho na kukigeuza kuwa kitu kama jasi, ambacho hutoka pamoja na jivu. Tena, kwa kuwa moto hauzidi nyuzi 900, hewa yenyewe haiungui kuwa sumu kama inavyofanya katika moto wa nyuzi 1,300 na kupita. Jirani wa kiwanda hupumua afadhali, na sisi tulio ndani pia. Lakini makaa ni makaa: hewa ya ukaa inayopasha dunia joto hutoka vile vile.

Nne, na hili ndilo tunaloliona sisi, mgongo wa mtu hupumzika. Hatuoni sifa katika kubeba magogo kwa miaka thelathini, wala katika kusimama mbele ya mlango wa moto mpaka macho yaharibike. Wazee wetu wa chumba cha boila wakistaafu, mnawaona wanavyotembea. Chama kinachotetea beleshi kwa kuwa ni beleshi hakimtetei mtu anayelishika.

HATARI ZAKE NI ZA KWELI PIA

Lakini Bwana Meneja akisimama mbele ya wafanya kazi akasema boila jipya halina hatari, huyo ama hajui ama anaficha.

Boila ni boila, liwe la kuni au la mchanga. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida huwa lita zaidi ya 1,600. Nguvu hiyo ikifungiwa ndani ya chuma hungoja kosa moja tu. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, Marekani, boila la kiwanda cha viatu lilipasuka, jengo likaanguka na kuungua, na watu 58 wakafa. Tarehe 3 Julai 2017, huko Gazipur, Bangladesh, boila la kiwanda cha nguo lilipasuka na kuua watu zaidi ya kumi. Hatusemi hayo yalikuwa maboila ya mchanga. Twasema mvuke hauulizi moto wake ulitoka wapi. Maji yakipungua, valvu ya usalama ikifungwa kwa waya, geji ikiwa mbovu, mwisho wake ni mmoja.

Tena boila la mchanga lina hatari zake lenyewe, na hizi watu wetu hawajazizoea.

Ya kwanza ni wakati wa kuwasha. Makaa au makapi yakitiwa kabla mchanga haujapata moto, hayaungui. Hurundikana na kutoa gesi. Gesi hiyo ikikutana na cheche, hulipuka jikoni. Ndiyo sababu kila mara kabla ya kuwasha lazima feni ifagie jiko kwanza, na kipimo cha joto la mchanga kisomwe. Mtu mwenye haraka, au mtu anayesukumwa na msimamizi kwa kuwa mvuke unangojwa, ndiye anayeruka hatua hiyo.

Ya pili ni stima ikikatika. Nani kati yetu hajui stima inavyokatika? Boila la kuni laweza kuwaka bila feni. Boila la mchanga haliwezi. Feni ikisimama mchanga hulala chini, na kama pampu ya maji imesimama pia, ule mchanga wa nyuzi 850 na matofali yaliyouzunguka hubaki na joto kwa saa nyingi karibu na mabomba ambayo hayapati maji mapya. Kwa hiyo kiwanda chenye boila hili lazima kiwe na njia ya pili ya kuingiza maji isiyotegemea stima ile ile. Njia hiyo si pambo la kununuliwa mwaka ujao.

Ya tatu ni kusafisha. Mchanga uliozimwa jana waweza kuwa baridi juu na mwekundu chini. Mtu akiingia ndani akakanyaga, huzama katika moto. Jivu linalotolewa chini nalo hutiririka kama maji. Likikupata miguuni hakuna pa kukimbilia. Na hii kazi ya kuingia na kutoa jivu, ndugu zetu, ndiyo matajiri hupenda kuwapa vibarua wa siku moja, watu wasiojua hata jina la mashini wanayoiingia.

Ya nne ni mchanga kugandamana. Makapi mengine, kama maganda ya kahawa na mabua, yana potasiamu nyingi katika jivu lake. Potasiamu ikikutana na mchanga mweupe ndani ya moto, huyeyuka pamoja nao kama kioo, chembe zikashikana kama sukari iliyolowa. Uji huacha kutokota, boila husimama, na watu hutumwa na mitaimbo kuvunja mabonge. Dawa yake inajulikana: kupunguza joto, kubadili mchanga kila mara, au kutumia mchanga wa namna nyingine. Lakini dawa hiyo yataka mtu anayejua kusoma dalili mapema. Anayeambiwa tu "bonyeza hapa" hawezi kuziona.

Ya tano ni vumbi. Mchanga unaosuguana hata kuwa unga, na jivu la maganda ya mpunga ambalo karibu lote ni silika, huleta vumbi jepesi lisiloonekana vizuri kwa macho. Silika ya chembe kali ikivutwa miaka mingi hukausha mapafu, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeihesabu kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Mtu hakohoi leo. Hukohoa baada ya miaka kumi, wakati tajiri amekwisha sahau jina lake. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Yatakiwa jivu lipite katika mabomba yaliyofungwa, na watu wapewe vifuniko halisi vya kuchuja vumbi.

Hatukusema haya ili kuwatisha. Kila hatari tuliyoitaja ina dawa yake. Lakini dawa zote zataka vitu viwili ambavyo tajiri hupenda kupunguza: fedha na watu wenye ujuzi.

WATU WATAKWENDA WAPI?

Sasa twafika kwenye swali ambalo Bwana Meneja alisema litatazamwa baadaye.

Tutazame mfano mmoja wa ng'ambo. Huko Grimethorpe, katika jimbo la Yorkshire, Uingereza, kulikuwa na shimo la makaa ya mawe lililolisha mji mzima. Karibu na shimo hilo ulijengwa mtambo mkubwa wa majaribio wa boila la mchanga, ukaanza kazi mwaka 1980, kwa fedha za Uingereza, Marekani na Ujerumani ya Magharibi. Watu walitumaini kwamba makaa yakichomwa kwa njia mpya, safi zaidi, yatapata soko, na shimo litaishi. Mtambo ulifanya kazi, na wataalamu walijifunza mengi. Lakini mwaka 1993 shimo la Grimethorpe lilifungwa. Wachimbaji walipoteza kazi, na mji ukaingia katika umaskini mkubwa.

Wachimbaji wale hawakushindwa na mashini. Mashini ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni ahadi yenye nguvu kwamba faida ya mashini itawafikia wao pia. Ujuzi peke yake haukuwalinda, wala sifa ya mtambo wao haikuwalinda.

Kwetu mambo ni madogo kuliko Grimethorpe, lakini mwendo wake ni ule ule. Boila jipya litakula mzigo ule ule wa mvuke kwa watu wachache zaidi. Huo ni ukweli na hatuuzungushi. Lakini angalieni kazi zinazozaliwa: kupokea na kupima makapi, kuyakausha, kuyachekecha, kutunza mikanda na feni, kupima maji ya boila kila zamu, kusoma geji na kuandika kitabu, kutunza mabomba yanayoliwa na mchanga, kushughulika na jivu kwa njia salama. Kazi hizi si chache, na nyingi zaweza kufanywa na watu wale wale wa zamani wakifundishwa. Mzee aliyesikiliza moto kwa miaka ishirini hujua kwa sikio kwamba pampu haivuti vizuri. Ujuzi huo hauko katika kitabu kilichokuja na boila.

Tajiri akimwacha mzee huyo nje ya lango akamleta kijana mgeni kwa mshahara wa chini, amejidanganya mwenyewe. Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu wa chuma akija ili mwenyeji afukuzwe, huyo si mgeni wa kukaribishwa.

SHERIA INASEMA NINI?

Ndugu, sheria iko, na si ya jana. Tangu sheria ya viwanda ya mwaka 1951 maboila yamekuwa chini ya ukaguzi katika nchi hii. Sheria hiyo ilikwisha badilishwa, na sasa iliyopo ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Kila mjumbe wetu wa kiwandani ayajue mambo haya:

Boila la mvuke lazima likaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa, angalau mara moja kila miezi 12. Mjumbe wetu aulize cheti kiko wapi na tarehe yake ni ipi.

Mtu hawekwi kwenye mashini au kazi ya hatari asipofundishwa hatari zake na namna ya kujikinga, au asipokuwa chini ya mtu anayejua. Kibarua naye ni mtu mbele ya sheria hii.

Kiwanda chenye watu 20 au zaidi lazima kiwe na kamati ya usalama na afya, na wafanya kazi wamo ndani yake. Kama kamati yenu hukutana siku ya kupigwa picha tu, hiyo si kamati.

Mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, ana wajibu wa kumwambia msimamizi wake. Haruhusiwi tajiri kumrudisha mahali pale kabla hatari haijaondolewa, wala kumfukuza kwa sababu aliondoka akiwa na sababu ya haki ya kuogopa.

Na juu ya kupunguza watu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iko wazi. Tajiri lazima akiarifu Chama na Ofisa wa Kazi angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na idadi. Katika kuchagua, lazima atazame miaka ya mtu kazini, ujuzi wake na uaminifu wake. Na anayeondoka hulipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Aliyefanya miaka 20 ana haki ya siku 300, mbali na likizo yake na haki zake nyingine. Asikubali mtu kuweka sahihi kwenye karatasi ya "kuacha kazi kwa hiari" ili apewe kitu kidogo cha haraka. Karatasi hiyo ni mtego.

MADAI YETU

Kwa sababu hizo, Chama kimewashauri ndugu wale watatu, na chawashauri wanachama wote ambao boila la namna hii litawafikia, wadai mambo sita, tena kwa maandishi, kabla boila halijafungwa:

1. Tajiri aiarifu Halmashauri ya kiwanda mapema: boila la namna gani, litachoma nini, litahitaji watu wangapi, na litaanza lini.

2. Watu wa chumba cha boila wa sasa wawe wa kwanza kufundishwa, kwa mshahara kamili, na mafunzo yawe kwa lugha wanayoielewa. Fundi wa kigeni akaaye wiki mbili akaondoka hajafundisha mtu. Maelezo ya kuwasha, kuzima na kushughulikia hatari yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani.

3. Anayeendesha boila jipya apandishwe daraja na mshahara. Kazi ya kusoma vipimo na kubeba jukumu la maisha ya kiwanda kizima si kazi ya kibarua.

4. Asiachishwe mtu kabla hajatafutiwa kazi nyingine kiwandani. Akikosekana njia, alipwe kwa sheria na zaidi, kama mapatano yatakavyosema.

5. Pawe na pampu ya pili ya maji isiyotegemea stima ya laini, jivu litolewe katika mabomba yaliyofungwa, na watu wa jivu wapimwe mapafu kila mwaka kwa gharama ya tajiri. Mtu yeyote asiingie jikoni bila karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya fundi aliyepima joto.

6. Haya yote yaingizwe katika Mapatano ya Pamoja, yasibaki maneno ya baraza. Mkataba wa Uhusiano Kazini wa mwaka 1962 uliweka msingi kwamba mambo kati ya matajiri na vyama huzungumzwa mezani. Msingi huo tunauheshimu, na twataka nao wauheshimu.

Watakuja wengine waseme, "Mambo haya ni ghali." Twawajibu hivi: tajiri anaponunua boila hili huwa amekwisha piga hesabu ya kuni atakazookoa kila mwezi. Hesabu hiyo iko mezani kwake. Tunachotaka ni kwamba katika karatasi ile ile pawe na mstari mmoja wa mafunzo na mstari mmoja wa usalama. Kama boila haliwezi kulipa mistari hiyo miwili, basi faida yake ilikuwa itoke katika mapafu na migongo yetu.

NENO LA MWISHO

Ndugu wale watatu walirudi kwao na karatasi yenye madai hayo sita. Tumewaomba waitishe mkutano wa kiwanda kizima, si wa chumba cha boila peke yake. Mtu wa kukausha chai, mama wa kufunga pakiti, dereva wa lori, wote hutegemea mvuke ule ule, na boila likipasuka haliulizi idara. Tumewaomba pia wasipigane wao kwa wao juu ya nani atabaki na nani atakwenda. Hapo ndipo tajiri hupata nafasi.

Kwa wajumbe wa viwanda vingine, twawapa kazi ya mwezi huu. Nendeni katika chumba cha boila chenu. Ulizeni cheti cha ukaguzi. Tazameni valvu ya usalama, kioo cha maji na geji. Ulizeni mtu wa moto kama amepata kufundishwa, na na nani. Ulizeni kama kuna habari ya boila jipya. Andikeni majibu, myalete ofisini kabla ya mkutano wa Halmashauri.

Tahadhari kabla ya hatari, na umoja kabla ya mapatano. Boila na lije. Litukute tumejipanga.

UMOJA NI NGUVU.